Dawa Iliyozaa Dawa: Historia ya Kosa Lililofichwa na Uzee



Katika nyumba nyingi za parokia zetu kuna mfuko mdogo wa plastiki unaotundikwa ukutani au kuwekwa chini ya mto wa kitanda. Ndani yake mna vidonge vya babu au vya nyanya: vingine vyeupe, vingine vya manjano, vingine vimebaki viwili tu katika karatasi yao ya kung'aa. Tukiuliza kila kidonge kilitolewa lini na kwa sababu gani, mara nyingi hakuna anayejua, hata mwenyewe. Tunajua tu kwamba hapo zamani vilikuwa vya aina moja, kisha vikawa vya aina tatu, na sasa ni vya aina sita. Nasi husema kwa huruma: «Uzee umemfikia.»

Makala hii inataka kuliweka neno hilo katika mizani. Inasimulia jinsi madaktari walivyogundua, polepole na kwa kuchelewa, kwamba si kila ugonjwa wa mzee huletwa na uzee, na kwamba wakati mwingine dawa ya leo inatibu maradhi yaliyoletwa na dawa ya jana. Ni historia ya kosa ambalo watu wema walilitenda kwa nia njema, wala hawakuliona, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuwa na jibu: mzee ni mgonjwa kwa kuwa ni mzee.

1. Daktari aliyeichunguza dawa yake

Wazo kwamba dawa inaweza kuumiza si geni. Mwaka 1785 daktari William Withering wa mji wa Birmingham, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu mmea uitwao kwa Kilatini Digitalis purpurea. Alikuwa amesikia habari za mama mmoja mzee wa jimbo la Shropshire aliyewatibu watu waliovimba mwili kwa mchanganyiko wa majani ya aina nyingi, zikiwa kama aina 20 au zaidi. Withering alitambua kwamba katika mchanganyiko ule mmea mmoja tu ndio uliokuwa ukifanya kazi, akaanza kuutumia kwa wagonjwa wake na kuandika yote yaliyotokea, mema na mabaya.

Aliandika kwamba kipimo kikizidi, mgonjwa hutapika, huhara, huona kizunguzungu, macho yake huona vitu kuwa vya kijani au vya manjano, na mapigo ya moyo hupungua mno. Hakuandika hayo kama orodha ya magonjwa mapya. Alielewa kwamba kutapika kule kulikuwa ni sauti ya dawa yenyewe ikisema «imetosha», na akawashauri waganga wenzake waisimamishe mara dalili hizo zinapoonekana.

Wakati wa Withering daktari alikuwa na dawa chache sana zenye nguvu ya kweli, hivyo ilikuwa rahisi kuzichunguza moja moja. Katika karne ya 20 mambo yaligeuka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuja dawa za kuua vijidudu, za kushusha shinikizo la damu, za kisukari, za moyo, za usingizi na za maumivu, moja baada ya nyingine. Dawa hizo ziliokoa watu wengi, na kwa sababu hiyo watu wengi zaidi waliufikia uzee. Lakini mzee akawa na magonjwa matatu, madaktari watatu, na karatasi tatu za dawa ambazo hakuna mtu aliyezisoma pamoja.

2. Mwili wa mzee si mwili wa kijana

Kwa muda mrefu dawa mpya zilijaribiwa hasa kwa watu ambao hawajazeeka, kisha zikatolewa kwa wazee kana kwamba mwili ni ule ule. Sivyo ulivyo. Kadiri miaka inavyosonga, figo huchuja damu polepole zaidi, na damu inayopita katika ini hupungua. Maji ya mwili hupungua, mafuta huongezeka. Kwa hiyo kidonge ambacho mwili wa kijana hukiondoa upesi, mwili wa mzee hubaki nacho. Cha kesho kinakikuta cha jana hakijatoka. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ni mfano unaojulikana: hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu kuliko mwilini mwa kijana, na mzee anaweza kuamka asubuhi akiwa bado analewa dawa ya usiku.

Uingereza ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1980 iliingia sokoni humo dawa ya maumivu ya viungo iitwayo benoksaprofeni. Wazee waliipokea kwa matumaini, maana ndio wanaoumwa viungo. Mwezi Mei 1982 madaktari wa Ireland ya Kaskazini waliandika katika jarida la British Medical Journal habari za wanawake watano wazee waliokuwa wakiitumia dawa hiyo, wakapatwa na homa ya manjano itokanayo na ini, kisha wakafa. Mwezi Agosti mwaka huo huo dawa iliondolewa sokoni. Kufikia wakati huo vifo zaidi ya 60 vilikuwa vimeripotiwa kwa wakuu wa afya wa nchi hiyo. Ilidhihirika kwamba katika miili ya wazee dawa hiyo ilikawia mno kutoka, ikajikusanya siku kwa siku. Kipimo kilichomfaa mtu mzima kilikuwa kimekuwa sumu kwa mama yake.

Kisa hicho kilionekana kwa sababu kilikuwa cha kutisha. Mtu akigeuka manjano na kufa, watu huuliza. Lakini itakuwaje ikiwa dawa inaleta kitu kinachofanana kabisa na ugonjwa wa kawaida wa wazee? Hapo hakuna anayeuliza.

3. Mkono uliotetemeka

Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London aliandika kuhusu watu aliowaona wakitetemeka mikono, wakitembea kwa hatua fupi, na mwili umeinama mbele. Ugonjwa huo ukaja kupewa jina lake. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya kujulikana kwamba wagonjwa hao wamepungukiwa na dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Katika miaka ya 1960 ikapatikana levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Mwishoni mwa miaka hiyo, huko New York, daktari George Cotzias alionyesha kwamba ikiongezwa polepole hadi kipimo kikubwa, watu waliokuwa wamekakamaa waliweza kutembea tena. Ilikuwa furaha kubwa katika historia ya uganga.

Katika muongo huo huo, mwaka 1964, Louis Justin-Besançon na Charles Laville walitangaza nchini Ufaransa dawa nyingine, metoklopramidi, inayozuia kichefuchefu na kutapika. Dawa hiyo hufanya kazi yake kwa kuifungia dopamini mlango.

Vijana, ziwekeni dawa hizo mbili kando kwa kando. Moja huongeza dopamini. Nyingine huizuia isifanye kazi. Sasa mfikirieni mzee mwenye kisukari ambaye chakula hukawia tumboni mwake, naye hupata kichefuchefu kila anapokula. Daktari anampa metoklopramidi, na kichefuchefu kinapungua. Zinapita wiki kadhaa. Mkono unaanza kutetemeka, uso unakosa uchangamfu, hatua zinakuwa fupi. Watoto wake wanampeleka kwa daktari, labda si yule wa kwanza. Daktari huyu anaona mzee, anaona kutetemeka, anaona mwendo wa kukokota miguu. Anakumbuka alivyofundishwa chuoni na kusema: «Ni ugonjwa wa Parkinson.» Anaandika levodopa.

Kumbe levodopa nayo ina athari zake. Huleta kichefuchefu, na hapo mzee huweza kuongezewa metoklopramidi. Hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, naye huona giza na kuanguka. Kwa wazee wengine huvuruga akili, wakaona watu wasiokuwapo. Mzee aliyeanza na tumbo sasa ana Parkinson, ana kizunguzungu, na jamaa wananong'ona kwamba anaongea na wafu. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na kila daktari alitibu alichokiona.

Je, hayo yalitokea kweli, au ni dhana tu? Mwaka 1995 Jerry Avorn, Jerry Gurwitz na wenzao wa Boston, Marekani, walitoa jibu katika JAMA, jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo. Hawakutumia mashine mpya yoyote. Walifungua kumbukumbu za malipo za jimbo la New Jersey, ambako mpango wa serikali uitwao Medicaid huwalipia matibabu watu wenye kipato kidogo. Kila dawa iliyolipiwa iliandikwa pamoja na tarehe yake. Watafiti waliwachukua watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi walioanzishiwa levodopa, wakatazama nyuma: je, muda mfupi kabla ya hapo mtu huyu alikuwa akitumia metoklopramidi? Kisha wakawalinganisha na wazee wengine ambao hawakuanzishiwa levodopa.

Waliona kwamba wazee waliotumia metoklopramidi walikuwa na uwezekano wa kuanzishiwa levodopa takriban mara 3 kuliko wenzao wasioitumia, na kadiri kipimo kilivyokuwa kikubwa ndivyo uwezekano ulivyopanda. Hesabu hiyo haisemi kwamba kila mmoja wao alikosewa. Wapo waliokuwa na Parkinson kweli. Lakini inaonyesha kwamba wengi walipewa dawa ya kuongeza dopamini wakati iliyotakiwa ilikuwa kuacha dawa inayoizuia. Mkosaji hakuwa amejificha mbali. Alikuwa ameandikwa katika daftari lile lile, mistari michache tu juu.

4. Kosa linapata jina

Mwaka mmoja kabla, 1994, Gurwitz na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo linalofanana nalo kuhusu dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, jamaa ya ibuprofeni. Dawa hizo huweza kuzifanya figo zishikilie chumvi na maji, na shinikizo la damu likapanda. Wazee waliokuwa wakizitumia walianzishiwa dawa za shinikizo la damu mara nyingi zaidi kuliko wasiozitumia. Maumivu ya goti yalikuwa yamezaa «ugonjwa wa presha».

Mwaka 1997 Paula Rochon wa Toronto, Kanada, akiwa pamoja na Gurwitz, aliandika katika British Medical Journal makala iliyolitangaza jina la kosa hili: maporomoko ya dawa. Maana yake ni hii. Mgonjwa anapewa dawa. Dawa inaleta athari isiyokusudiwa. Athari inadhaniwa kuwa ugonjwa mpya. Ugonjwa huo unapewa dawa ya pili. Na dawa ya pili inafungua njia ya athari nyingine. Sisi Wakongomani hatuna haja ya kuelezwa sana mfano huo. Juu ya Kisangani, pale Boyoma, mto hauanguki mara moja. Unashuka poromoko baada ya poromoko, mara saba. Atazamaye poromoko la saba peke yake hawezi kujua mahali maji yalipoanzia kushuka.

Baada ya kupata jina, kosa lilianza kuonekana kila mahali. Dawa za kukojoza zitumiwazo kwa shinikizo la damu huweza kupandisha asidi ya yuriki katika damu, na mzee akaishia kutibiwa jongo. Kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ni dawa nzuri ya moyo na ya shinikizo la damu, lakini yeye na jamaa zake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma. Wangapi wamekunywa chupa kwa chupa za dawa ya kifua kwa ajili ya kikohozi hicho! Mwaka 2005 watafiti wa Ontario, Kanada, waliwafuatilia wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Dawa waliyopewa huongeza kemikali ya ubongo iitwayo asetilikolini, na pia huweza kumfanya mtu ashindwe kuzuia mkojo. Waliopewa dawa hiyo walianzishiwa mara nyingi zaidi dawa ya kuzuia mkojo, ambayo huizuia asetilikolini ile ile. Mkono mmoja ulijenga, mwingine ukabomoa. Na mwaka 2020, katika jimbo hilo hilo, ilionyeshwa kwamba wazee wanaoanza dawa za shinikizo la damu za aina ya amlodipini, ambazo huweza kuvimbisha miguu, huongezewa dawa za kukojoza zaidi ya wenzao, ingawa uvimbe huo hautokani na moyo kushindwa kazi.

Wakati huo huo zilitungwa kanuni za kuwalinda wazee. Mwaka 1991 daktari Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa orodha ya dawa zisizofaa kwa wazee wanaotunzwa katika makao yao. Orodha hiyo imeendelea kurekebishwa hadi leo. Mwaka 2008 madaktari wa Ireland walitoa mwongozo wao, unaoonyesha dawa za kuacha na pia dawa za kuanza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwito kwa mataifa yote wa kupunguza madhara ya dawa, likitaja hasa hatari ya mtu mmoja kutumia dawa nyingi kwa wakati mmoja.

5. Kwa nini kosa hili hujificha

Kwanza, athari haiji siku ile ile. Zikipita wiki sita kati ya kidonge na kutetemeka, akili haiviunganishi. Pili, kuongeza dawa huonekana kuwa kazi, lakini kuondoa dawa huonekana kama kumtelekeza mgonjwa. Daktari asiyeandika kitu hulaumiwa na jamaa wa mgonjwa. Tatu, mzee hutibiwa na watu wengi wasioonana.

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote: tumezoea kuwasikiliza wazee nusu nusu. Kijana wa miaka 20 akianza kutetemeka mikono, nyumba nzima itauliza kuna nini. Mzee wa miaka 75 akianza kutetemeka, nyumba nzima imekwisha kupata jibu. Uzee hugeuka pazia, na nyuma ya pazia hilo mtu huumizwa bila shahidi.

Mambo haya hayakubaki New Jersey wala Toronto. Metoklopramidi, amlodipini, kaptoprili na ibuprofeni ni dawa zile zile zinazouzwa katika famasi za Goma, Bukavu na Lubumbashi, mara nyingi bila karatasi ya daktari. Huko kwao watafiti walikuwa na daftari la serikali lililoonyesha kila dawa na tarehe yake. Mzee wetu anayenunua vidonge kumi leo kwa muuzaji huyu na vitano kesho kwa yule hana daftari lolote. Kumbukumbu yake ni sisi tunaoishi naye.

6. Historia hii inatudai nini

Haitudai kuidharau dawa. Shinikizo la damu lisilotibiwa humpooza mtu, na kisukari kisichotibiwa humtia upofu. Wala haitupi ruhusa ya kumnyang'anya babu vidonge vyake. Zipo dawa, kama baadhi ya zile za moyo na za kifafa, ambazo zikikatwa ghafla huleta hatari kubwa kuliko zikiendelea kutumiwa. Kuondoa dawa ni kazi ya daktari, na mara nyingi hufanywa hatua kwa hatua.

Inalotudai ni jambo dogo ambalo kijana yeyote anayejua kusoma na kuandika anaweza kulifanya. Chukua daftari. Mwombe mzee ruhusa, kaa naye, toeni kila kilichomo katika ule mfuko wa plastiki. Andika jina la kila dawa, ilianza lini, nani aliitoa, na kwa ugonjwa gani. Andika pia dawa za miti shamba na za maumivu zilizonunuliwa njiani, maana nazo ni dawa. Kisha andika taabu zake: kizunguzungu kilianza lini, kikohozi kilianza lini, miguu ilivimba lini. Daftari hilo liende naye kila anapokwenda kituo cha afya. Na mkifika, ulizeni kwa heshima: «Daktari, je, taabu hii yaweza kuwa imeletwa na dawa anayokunywa?»

Swali hilo ndilo Avorn na Gurwitz walilowauliza maelfu ya wazee kwa njia ya daftari: nini kilitangulia? Withering aliliuliza miaka zaidi ya mia mbili kabla yao, akiwa ameketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Mzee wako naye anastahili kuulizwa, tena na mtu anayemfahamu tangu kabla mkono wake haujaanza kutetemeka.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika familia zetu, ni nani anayejua dawa zote anazokunywa babu au nyanya? Kama hayupo, kwa nini?

2. Ni mara ngapi tumetumia neno «uzee» kufunga maneno, badala ya kuuliza mzee anaumwa nini na tangu lini?

3. Kikundi chetu kinaweza kuwasaidiaje wazee wanaoishi peke yao kuwa na daftari la dawa, bila kuingilia kazi ya madaktari na wauguzi?

4. Tunawezaje kumwuliza daktari swali gumu kwa namna inayolinda heshima yake na uhai wa mzee wetu?